Kukubali tiba shufaa si kumharakishia mgonjwa kifo

Katika familia nyingi za Moshi na vijiji vya mlimani, mgonjwa wa saratani anapoandikiwa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu inayotumika katika tiba shufaa (huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso), ndugu huitisha kikao, na mara nyingi mmoja wao husema kwamba kuikubali dawa hiyo ni kumharakishia kifo. Dhana hiyo si sahihi, na inawaacha watu wakiteseka kwa maumivu yanayoweza kutulizwa.

Mofini inayotolewa kila baada ya saa 4, kwa kipimo kinachopandishwa taratibu kulingana na maumivu, haimuui mgonjwa. Humpa usingizi na humwezesha kuzungumza na wanawe. Hufunga choo, kwa hiyo huambatanishwa na dawa ya kulainisha.

Wala tiba shufaa haiwangoji wanaokaribia kukata roho. Utafiti wa Boston, Marekani, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa, ulionyesha kwamba nusu ya waliopewa tiba hiyo mapema, sambamba na matibabu ya kawaida, walivuka miezi 11.6, ilhali kwa wenzao muda huo ulikuwa miezi 8.9, ingawa ni wachache zaidi kati ya waliopewa tiba hiyo mapema waliopata matibabu makali mwishoni.

Kinachosahaulika vikaoni, na kinachonisikitisha zaidi, ni kumuuliza mgonjwa mwenyewe. Kaka mkubwa ana heshima yake, lakini maadamu mgonjwa ana fahamu zake, yeye ndiye wa kusema kama anataka kurudishwa hospitalini KCMC au kubaki nyumbani, na aulizwe kabla hajaishiwa nguvu za kujibu.