Silinda iking'aa kama kioo, usifurahi

Mteja akifunguliwa injini yake hapa karakanani, kitu cha kwanza anachofanya ni kupitisha kidole ndani ya silinda. Akikuta panateleza na kung'aa, anatabasamu. Mimi ndipo naanza kukuna kichwa.

Kazi yangu ni kukereza silinda na kuzihoni, yaani kuzisugua ndani kwa jiwe, hapa Dodoma mjini. Nyingi ninazoletewa ni za injini za dizeli za mashine za kusaga, kutoka Bahi, Chamwino na Kongwa, na laina zake, yaani bomba la ndani ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni za chuma cha kusubu. Watu hukidharau chuma hiki kwa kuwa ukikipiga nyundo vibaya kinapasuka. Lakini kiweke kwenye mashine ya kukereza uone. Chuma cha pua hutoa nyuzi ndefu zilizojisokota; hiki hutoa chenga na unga mweusi, na jioni mikono yako ni kama ya mtoto aliyevunjavunja penseli. Kitu chenyewe ni kile kile: asilimia 2.5 hadi 4 ya chuma hiki ni kaboni, na sehemu yake kubwa imelala ndani kama vijipande vyembamba vya grafaiti. Grafaiti inateleza yenyewe, na vishimo vyake hushika oili.

Silinda hailiki sawasawa. Nikishusha geji, chini napata karibu kipimo cha kiwandani, lakini juu, pale ringi ya kwanza, yaani pete inayoizunguka pistoni, inapogeukia, pameliwa mpaka ukucha unakwama kwenye ngazi. Wengi hudhani pistoni inakula zaidi katikati, kwa sababu ndipo inapokimbia. Ni kinyume. Ikikimbia, ringi inaelea juu ya oili kama tairi juu ya maji ya barabarani, chuma hakigusi chuma. Injini ya mizunguko 1500 kwa dakika husimamisha pistoni kileleni mara 1500 kila dakika, na nusu ya mara hizo moto unawaka. Mwendo umekwisha, joto limeifanya oili nyepesi, na gesi imepenya nyuma ya ringi inaikandamiza ukutani. Mjerumani Richard Stribeck alionyesha mwaka 1902, kwa kupima beringi, jinsi msuguano unavyobadilika kufuatana na mwendo. Pistoni inapitia hali zote hizo ndani ya pigo moja.

Kinachookoa kule juu ni grafaiti, dawa zilizochanganywa kwenye oili, na oili kidogo iliyojificha kwenye mikwaruzo. Ndiyo, mikwaruzo! Jiwe la honi huacha mistari inayokatana kama nyavu, na oili hukaa humo. Silinda iliyosuguliwa ikawa kioo haina pa kuiweka.

Nilijifunza kwa aibu. Miaka yangu ya mwanzo nilimpigia mzee mmoja wa Bahi msasa laini kabisa, laina ikang'aa. Naye, kwa upole wa kutaka injini "izoee", akaiacha inanguruma siku nzima bila kusaga chochote. Haukupita mwezi akarudi.

"Fundi, uliniambia imekuwa mpya. Mbona inakula oili kuliko mimi ninavyokula ugali?"

Sikuwa na jibu. Nililipata baadaye: bila mzigo gesi haina nguvu ya kuibana ringi ukutani, basi ringi hazikai, na oili inayopita inaungua na kuganda kama vanishi. Sasa namwambia kila mteja aanze kusaga siku ile ile, mzigo wa wastani, na abadilishe oili mapema.

Kuosha nako watu hufanya mzaha. Petroli au dizeli haitoi unga wa jiwe la honi, inausambaza tu. Tumia maji ya moto, sabuni na brashi, kausha, kisha futa kwa kitambaa cheupe chenye oili mpaka kitoke cheupe. Usiende kunywa chai katikati. Chuma hiki kikiwa kitupu kinashika kutu upesi mno.

Hata hivyo, muuaji mkubwa wa silinda za huku ni vumbi. Vilima vyetu vya Dodoma ni granaiti, na granaiti ikioza inaacha mchanga wa kwazi, ambao ni mgumu kiasi cha kukwaruza kioo cha dirisha. Kiangazi upepo unaubeba, na chujio la hewa lenye tundu, au mpira wake uliopasuka, unauingiza moja kwa moja kwenye oili ya ukutani. Hapo oili imegeuka dawa ya kunolea. Nimeona laina iliyokwisha kwa msimu mmoja.

Kwa hiyo kabla hujaniletea injini, fungua bomba la hewa baada ya chujio na ulifute ndani kwa kidole. Kisha sugua kidole hicho na gumba. Ukisikia chengachenga, njoo na laina mpya, honi haitatosha.