Bia ya baa ya kijiji Uingereza si ya moto

Nimechoka kusikia kwamba Waingereza wanakunywa bia ya moto. Kila mgeni kutoka Afrika Mashariki anayepelekwa baa ya kijijini hapa anafika na imani hiyo tayari, na akionja funda la kwanza anasema, "Si nilijua." Kazi yangu ni stoo ya mapipa, kwa hiyo nijibu mara moja na kwa urefu.

Nyumbani mhudumu akikuuliza "baridi au moto?", ya moto ni ile iliyoshinda kwenye kreti, Dar au Mombasa hiyo ni nyuzi 28 hadi 30. Bia ya baa za hapa, ile ya pipa inayovutwa kaunta kwa pampu ya mkono, hutoka kwenye stoo ya chini ya ardhi inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 11 na 13. Mdomo uliozoea laga ya nyuzi 4 utaiona ya uvuguvugu, lakini huwezi kuiweka kapu moja na ile ya kreti. Ukipewa ya nyuzi 18, hiyo si mila ya Kiingereza. Hiyo ni stoo mbovu, au bia iliyolala kwenye mpira kati ya stoo na kaunta, au glasi iliyotoka sasa hivi kwenye mashine ya kuoshea. Irudishe.

Kwa nini isiwe nyuzi 4 basi? Kwa sababu bia hii iko hai. Haikuchujwa wala kuchemshwa kuua hamira. Inamalizia kuchachuka humo humo ndani ya pipa. Ikishuka chini ya nyuzi 10 inaingia ukungu, na ladha ya kimea na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, inajificha. Ikipanda juu ya 14 gesi inatoroka na bia inachakaa upesi. Na gesi yenyewe ni kidogo tangu mwanzo, kama nusu ya ile ya laga. Hapo ndipo neno la pili la wageni linaponiudhi: "imekufa." Bia iliyokufa haina mchomo wowote ulimini na inateleza kama maji ya jana. Bia nzuri ya pipa inachoma kidogo sana, lakini inachoma.

Pipa la kawaida kijijini, firkini, ni galoni 9, yaani painti 72, karibu lita 41. Linalazwa ubavu juu ya kitanda cha mbao au chuma, na tangu hapo halisogezwi. Kwenye kizibo cha juu unagongea kigingi laini cha mwanzi au mti mlaini, ili gesi iliyozidi ipumue. Povu litatoka. Unalifuta, unangoja. Likiacha kurudi haraka, unaweka kigingi kigumu kuzuia gesi iliyobaki. Koki hupigwa kwenye kizibo cha mbele kwa nyundo ya mbao, pigo moja la uhakika. Ukisitasita utaoga bia.

Makosa mengi yako kwenye hicho kigingi kigumu. Ukisahau kukirudisha usiku baada ya kufunga, asubuhi gesi imekwisha. Ukisahau kukilegeza asubuhi, pampu inavuta na hewa haiingii, bia inakuja kwa shida. Watu wanalaumu kiwanda, kumbe ni kijiti chenye urefu wa kidole.

Kusafisha bia kunafanywa na mabondo. Ndiyo, mabondo ya samaki, vile vifuko vya hewa vya tumboni, yale yale wavuvi wa Ziwa Victoria wanayoyauza kwa bei ya juu, ila ya hapa huja yameyeyushwa. Yanakamata hamira na kuishusha chini. Pipa likigongwa linatibuka na kutulia tena, lakini kila mara kwa udhaifu zaidi. Asiyekula kitu cha mnyama aulize kaunta. Siku hizi viwanda kadhaa vimeacha mabondo, na bia yao huachwa na ukungu kwa makusudi. Vitabu vinasema pipa litulie saa 24 hadi 48. Mimi nimezikuta zinazong'aa kwa saa 6 na nyingine zinazogoma siku ya pili, na sijapata kanuni ya kuzitabiri. Naangalia glasi.

Kila painti inayotoka inaingiza hewa kiasi hicho hicho, na hewa huichakaza bia, ndiyo maana pipa lililofunguliwa linauzwa ndani ya siku 3. Piga hesabu mwenyewe: painti 70 hivi zinazouzika, siku 3, ni zaidi ya 20 kwa siku kwa kila pampu. Baa yenye pampu 6 na wateja 15 haiwezi. Chagua baa yenye pampu 2 au 3, na uagize wanachokunywa wazee wa pale.

Kuhusu kile kikofia chenye matundu mdomoni mwa bomba: kaskazini, hasa Yorkshire, wanakitaka, kinatoa povu zito kama krimu. Kusini wengi wanakikataa kwa sababu kinaitoa gesi kwenye bia na kuiacha juu. Mimi nakiondoa kwa bia laini zenye hopsi nyingi, nakiacha kwa zile nyeusi, na bado sijaridhika na jibu langu.

Mengine ni mepesi. Agiza na ulipe kaunta, usikae mezani ukingoja mhudumu. Painti ni mililita 568. Nusu painti haina aibu. Kuonja kidogo kabla ya kununua kunaruhusiwa, omba tu. Ukiwa kwenye kundi, ukinunuliwa, raundi inayofuata usiikwepe.

Na unaporudisha bia, irudishe mapema, glasi ikiwa karibu imejaa, na useme kasoro yake: ina uchachu wa siki, inanuka siagi, au ina mashapo. Mhudumu anayejua kazi ataionja mwenyewe na kukubadilishia, kisha atashuka chini kulitazama pipa.