Maphilindo: yanayosemwa na yaliyotokea

Malaya, Philippines na Indonesia: chukua vipande vya majina hayo matatu, unganisha, umepata Maphilindo, jumuiya ya mashauriano ya nchi hizo tatu. Ilizaliwa Manila katika mkutano wa Rais Diosdado Macapagal wa Ufilipino, Rais Sukarno wa Indonesia na Waziri Mkuu Tunku Abdul Rahman wa Malaya, kuanzia 30 Julai hadi 5 Agosti 1963. Kufikia 17 Septemba mwaka huohuo, Kuala Lumpur ilikuwa imevunja uhusiano wa kibalozi na wenzake wote wawili. Kwa kitu kilichoishi wiki chache, kimezushiwa mengi.

"Ilikuwa nchi moja iliyoshindikana."
Hapana. Macapagal alikuwa amependekeza shirikisho mwaka 1962, lakini kilichokubaliwa Manila kilikuwa chepesi zaidi: kukutana mara kwa mara kwa mashauriano, kila nchi ikiwa na sekretarieti yake. Makubaliano yenyewe yalisema wazi kwamba hakuna atakayeachia hata sehemu ya mamlaka yake.

"Undugu uliwakutanisha, ugomvi ukaja baadaye."
Hapa ndipo watu wanapopageuza kichwa chini miguu juu. Ugomvi ndio uliowaita mezani. Waingereza walikuwa wakijiandaa kukabidhi Sarawak na Borneo Kaskazini, yaani Sabah ya leo, ziungane na Malaya na Singapore kuunda Malaysia. Juni 1962 Ufilipino ilitoa rasmi madai yake juu ya Sabah. Desemba kukazuka uasi Brunei, na Januari 1963 Subandrio, waziri wa mambo ya nje wa Indonesia, akatangaza sera ya makabiliano, konfrontasi. Maphilindo ilikuwa njia ya kuukalia mgogoro huo kitako, ikavishwa joho la udugu wa Kimalay.

Sisemi udugu wenyewe ulikuwa uongo. Ufilipino kulikuwa na wanasiasa kama Wenceslao Vinzons waliohubiri umoja wa Wamalay tangu miaka ya 1930. Ila Indonesia Wamalay ni kabila moja kati ya mamia, na Malaya ilikuwa na Wachina wengi ambao umoja wa damu haukuwapa nafasi yoyote.

"Indonesia na Ufilipino walidai kitu kilekile."
Manila ilidai ardhi, kwa hoja kwamba Sultani wa Sulu aliikodisha tu Sabah mwaka 1878. Malaysia inasema aliiachia moja kwa moja. Hata hivyo iliwalipa warithi wake ringgit 5,300 kila mwaka hadi 2013, na kila upande ukazihesabu fedha hizo kwa namna yake: mmoja kama kodi, mwingine kama malipo ya kuachiwa. Jakarta haikudai ardhi. Sukarno aliiona Malaysia kuwa ukoloni uliobadili nguo, huku kambi za Waingereza zikibaki Singapore.

"Wananchi wa Borneo hawakuulizwa chochote."
Waliulizwa, ila si kwa kura ya maoni. Kwa ombi la viongozi watatu, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, U Thant, alituma ujumbe chini ya Laurence Michelmore. Ujumbe huo ulichunguza chaguzi zilizokwisha kufanyika, ukasikiliza madiwani, vyama na vikundi mbalimbali. Jibu lilitoka 14 Septemba: wengi wanaunga mkono Malaysia.

Tatizo ni kwamba tarehe 29 Agosti, ujumbe ukiwa bado kazini, Tunku alikwishatangaza kuwa Malaysia itazaliwa 16 Septemba. Unaomba hakimu, kisha unaisoma hukumu mwenyewe kabla yake! U Thant mwenyewe alilalamikia hilo. Nadhani matokeo yasingebadilika, lakini wenzake walipewa sababu ya kuyakataa.

Wakayakataa. Tarehe 16 umati ulivurumisha mawe kwenye ubalozi wa Uingereza mjini Jakarta, naye Meja Rory Walker, afisa wa ubalozi huo, akawa anatembea huku na huko mbele yao akipuliza zumari la Kiskoti. Umati haukufurahishwa na muziki. Siku mbili baadaye ubalozi ulichomwa moto. Makabiliano yakaendelea hadi Agosti 1966.

"ASEAN ni Maphilindo iliyobadili jina."
ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-mashariki mwa Asia, iliundwa Bangkok tarehe 8 Agosti 1967, ikiwa na Thailand na Singapore ndani, na ina deni kubwa zaidi kwa ASA, jumuiya ya Malaya, Ufilipino na Thailand ya mwaka 1961. Habari za asili ya Kimalay ziliachwa kabisa. Kilichochukuliwa kutoka makubaliano ya Manila ni kauli kwamba kambi za kijeshi za kigeni ni za muda tu, na zisitumike kuhujumu uhuru wa nchi za eneo hilo.

Sabah haikutulia. Mwaka 1968 Malaysia na Ufilipino zilikosana tena kwa sababu yake hadi uhusiano ukasimamishwa, zikiwa zote wanachama wa ASEAN. Safari hii jumuiya haikufa, na Desemba 1969 mabalozi walirudi.