Kidole Kimekuwa Cheusi Lakini Hakiumi

Swali: Kwenye cheti changu wameandika "nekrosisi". Ni nini?
Ni kufa kwa seli za sehemu fulani ya mwili wakati mwenyewe bado uko hai. Neno limetokana na Kigiriki, nekros, yaani maiti. Mshipa wa damu wa moyo ukiziba, msuli unaokufa pale nao ni nekrosisi.

Swali: Na gangrini?
Ni nekrosisi ya sehemu kubwa, hasa vidole na miguu, kwa sababu damu haifiki au bakteria wameshambulia. Ile kavu hunyauka na kuwa nyeusi. Ile yenye majimaji huvimba, hunuka na kwenda kasi. Ikifika kwenye damu, inaweza kuua.

Swali: Kidole changu ni cheusi ila hakiumi. Nisubiri kidogo?
Hapana. Usisubiri. Kazi yangu ni kusafisha vidonda, na karibu kila siku nasikia, "Sikuja mapema kwa kuwa hakikuuma." Kisukari huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na nyama iliyokufa haina hisia. Hakiumi kwa sababu kimekufa, si kwa sababu kinapona!

Swali: Nikikiloweka kwanza kwenye maji moto ya chumvi?
Tafadhali, acheni jambo hili. Mguu usiohisi huungua bila mwenyewe kujua, na tunapokea watu wenye malengelenge ya maji moto juu ya kidonda walichokuwa nacho. Kunyunyizia unga wa vidonge nako hakufufui nyama. Hata antibiotiki unayomeza husafirishwa na damu: damu isipofika, dawa haifiki.

Swali: Naogopa watanikata mguu.
Naielewa hofu hiyo, na ndiyo inayowaweka wengi nyumbani. Lakini anayewahi, mara nyingi tunaondoa nyama iliyokufa tu, au kidole, na pengine mshipa ulioziba unaweza kufunguliwa. Aliyekaa wiki tatu akipaka dawa za kuelekezwa na jirani ndiye tunayelazimika kuzungumza naye habari za goti.

Swali: Dalili zipi si za kungoja kuche?
Ngozi kugeuka zambarau au nyeusi, mguu kuwa wa baridi ghafla, harufu mbaya, ngozi kutoa mlio wa kukwaruza ukiibonyeza, homa, kuchanganyikiwa.

Swali: Nina kisukari na kidonda kidogo tu, hakina dalili hizo. Niende lini?
Leo.