"Mbona hajakonda?"

Barua ya rufaa inasema: mgonjwa anatapika mara kwa mara, kipimo cha mimba hasi, dawa za vidonda vya tumbo zimeshindwa, "ugonjwa wa ulaji hapana, uzito wake mzuri". Hiyo sentensi ya mwisho nimeichoka. Naipata kwa madaktari wenzangu, kwa wazazi, kwa matroni wa bweni.

Anayekonda sana ni wa anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula. Wengi wenye bulimia, yaani wanaokula kupita kiasi bila kujizuia kisha wakajitapisha au kujiharisha, wana uzito wa kawaida au wamezidi, na sababu haina siri. Kutapika hakutoi chakula chote. Sanamaki na vidonge vya kuharisha hufanya kazi kwenye utumbo mpana, chakula kikiwa kimeshafyonzwa. Kinachotoka ni maji na madini. Mizani inashuka leo, kesho maji yanarudi. Potasiamu ndiyo inayopungua kimyakimya, na ikishuka sana moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo yake, hata kwa binti mwenye mashavu yaliyojaa. Mashavu yenyewe mara nyingi ni matezi ya mate yaliyovimba. Bibi anasema amenawiri!

Angalia na sugu kwenye vifundo vya vidole, pale vinaposugua meno anapojitapisha. Daktari wa magonjwa ya akili Gerald Russell aliieleza alama hiyo London mwaka 1979, alipoupa ugonjwa huu jina. Usipoiona usijipongeze, maana wazoefu wengi hutapika bila kidole. Meno ya mbele ya juu huliwa na tindikali upande wa ndani, kwa hiyo daktari wa meno huweza kugundua kabla yangu. (Akishatapika asukutue kwa maji, asikimbilie mswaki.) Wavulana nao wamo, ila hakuna anayewauliza.

Sasa kinachoniudhi zaidi: "kula kupita kiasi" ni kiasi gani? Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa 2013 unataka itokee angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3. Toleo lililotangulia lilitaka mara mbili. Matumbo ya watu hayakubadilika, ilibadilika kamati. Na chakula kiwe kingi kuliko ambavyo watu wengi wangekula katika muda na mazingira kama hayo. Mazingira! Sahani ya tatu ya pilau harusini Tanga, watu wanataniana, si ugonjwa. Anayesimama jikoni saa sita usiku, mlango kaufunga, anakomba wali baridi kwenye sufuria, akihamia mkate, kisha maziwa ya unga kwa kijiko, ladha haisikii na kuacha hawezi: huyo ndiye. Na aliyekula chapati mbili tu, akahisi vilevile ameshindwa kujizuia, akaenda kujitapisha? Kwa kitabu cha Marekani kiasi hakijatosha. Mimi namtibu. WHO, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, angalau wamelegeza hapo.

Usiulize "unakula vizuri?" Mtoe mama nje, uliza: "Kuna wakati unakula ukashindwa kujizuia? Ukimaliza unafanyaje?" Kisha nyamaza.

Tiba inaanza na kula. Milo mitatu na vitafunio katikati, asipitishe muda wa kama saa 4 bila kitu. Wazazi hunijia juu: mtu anamaliza sufuria usiku, nawe unataka aongezewe? Ndiyo, kwa sababu njaa ya kutwa ndiyo inayoleta usiku ule. Hapo ndipo mazungumzo ya kubadili fikra na tabia, kwa mtindo wa daktari wa akili Christopher Fairburn wa Oxford, yanapoanzia. Ni vikao kama 20. Fluoksetini, dawa ya sonona, husaidia, ila kwa miligramu 60 kwa siku, si 20 za sonona. Bupropioni, dawa nyingine ya sonona, usimpe, inaweza kuleta kifafa. Anayeacha sanamaki mwambie mapema kwamba miguu itavimba kwa siku kadhaa, la sivyo ataona amenenepa na kurudia.

Nisidanganye: hata kwenye tafiti nzuri, wengi hupunguza tu bila kuacha moja kwa moja baada ya vikao hivyo. Na Ramadhani hunishinda kila mwaka. Potasiamu ikiwa chini nakataza kufunga, na mgonjwa ana ruhusa ya dini. Ikishakaa sawa, saa 13 bila kula zinavunja utaratibu wote tuliojenga, halafu futari inakuja na kila kilicho mezani. Wapo niliowaomba wasifunge, wakajificha nyumbani kwa aibu, na aibu ile ikawarudisha chooni. Wapo waliofunga wakapita salama. Nani ataangukia wapi, siwezi kukwambia kabla ya mwezi kuandama.