Ndugu akisema mgonjwa amebadilika, asikilizwe

Martha Mills alikuwa na miaka 13 alipoanguka na baiskeli akiwa likizoni Wales, akaumia kongosho. Ni jeraha baya, lakini linatibika. Akiwa amelazwa London alipata maambukizi yaliyosambaa mwilini, na mwaka 2021 akafariki. Mama yake, Merope Mills, alikuwa naye wodini, na alikwishaeleza hofu yake kabla hali haijawa mbaya. Haikufanyiwa kazi. Uchunguzi wa kisheria wa kifo hicho ulionyesha kwamba angehamishiwa ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, mapema, yumkini angepona.

Wazazi wake wakadai jambo moja: ndugu akiona mgonjwa anazidiwa na wodi haichukui hatua, awe na mlango mwingine wa kubisha. Mwaka 2024 hospitali za England zikaanza kutumia Kanuni ya Martha. Mgonjwa au ndugu yake anaweza, saa yoyote ya usiku au mchana, kuita timu ya wataalamu wa wagonjwa mahututi ije kumpima upya. Jimbo la Queensland, Australia, lilikuwa na utaratibu wa namna hiyo tangu 2013, nao ulitokana na kifo cha mtoto, Ryan Saunders, ambaye wazazi wake walisema anazidi kuumwa.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki ndugu ndiye anayemlisha mgonjwa, anayemgeuza, anayemwosha na anayekimbilia dawa iliyokosekana dirishani. Muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kuwa na wodi nzima mikononi mwake. Anapima joto, mapigo na presha, kisha anakwenda kitanda kinachofuata. Anayebaki pale ni ndugu. Hata hivyo, daktari akianza raundi, ndugu huyo huambiwa atoke nje! Mimi naona hilo ni kosa la kimfumo: aliyemwona mgonjwa usiku kucha yuko getini wakati uamuzi wa matibabu unafanyika.

Kwa ninyi mnaouguza, kusema tu "hali yake mbaya" hakumsaidii sana muuguzi. Taja kilichobadilika na tangu lini: "Tangu saa nne usiku hajakojoa, anapumua harakaharaka, na sasa hanitambui." Maneno hayo matatu yanatosha kumwinua mtaalamu yeyote kitini. Kwa mtoto, sema mara moja kama hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege au amelegea na haamki vizuri. Kwa mama aliyejifungua, damu inayolowesha pedi upesi upesi haingoji asubuhi.

Ukisema na hakuna anayekuja, mwendee muuguzi kiongozi wa zamu, kisha umwombe amwite daktari wa zamu. Bado kimya? Ulizia mganga mfawidhi. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kwamba mgonjwa wao atasusiwa. Hofu hiyo ina msingi, na wajibu wa kuiondoa ni wetu sisi watoa huduma, si wenu.

Kwenye dawa pia ninyi ni kinga. Kidonge cha leo kikiwa tofauti na cha jana, ulizeni kabla hajameza. Mwambieni daktari dawa zote alizotumia nyumbani, za miti shamba zikiwemo, bila kuona haya.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mgonjwa mmoja kati ya 10 hupata madhara akiwa katika huduma, na zaidi ya nusu ya madhara hayo yanazuilika. Siku ya Usalama wa Mgonjwa, inayoadhimishwa kila Septemba 17 tangu 2019, mwaka 2023 ilihusu hasa ushiriki wa wagonjwa wenyewe.

Tumezoea kuwaelekeza watu kwenye sanduku la maoni. Lakini sanduku hufunguliwa mgonjwa akiwa ameshatoka, au ameshazikwa. Kila wodi ibandike ukutani, kwa herufi kubwa, jina la kiongozi wa zamu na namba ya simu inayopokelewa usiku. Na kamati ya usimamizi wa kituo inapojadili tukio lililomdhuru mgonjwa, familia yake ialikwe, ieleze iliyoyaona.