"Tunangoja msaada utoke kwanza"

Kauli hii naisikia kutoka Micheweni, Pemba, hadi Makunduchi, Unguja. Mama ana uvimbe kwenye ziwa, au anatokwa na damu wakati hedhi ilishakatika zamani, na wanawe wananijibu: "Dada, tunangoja mfuko utoe pesa ndipo tumpeleke akapimwe." Katika yote ninayoambiwa nikiwajazia wagonjwa wa saratani fomu za misaada, hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linaua watu.

Mfuko wa hisani hautoi pesa kwa uvimbe usiojulikana. Unataka jibu la kinyama, yaani kipande kidogo kinachokatwa kwenye uvimbe kikapimwe, kutoka maabara na barua ya daktari inayotaja aina ya saratani, hatua iliyofika na tiba iliyopangwa. Ndipo vifuate kitambulisho na barua ya sheha, kiongozi wa shehia yenu. Asiyepimwa hana jibu, na asiye na jibu hana cha kuambatisha. Anangoja kitu kisichoweza kuja, na huku ugonjwa unakwenda. Saratani ya shingo ya kizazi ikikutwa ingali ndogo, mara nyingi upasuaji unatosha. Ikishaingia nyama za jirani inataka mionzi pamoja na kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, na hapo ndipo gharama inapopanda. Pimeni kwanza, hata kwa mchango wa ukoo na majirani. Kinyama ndicho cha kuchangiwa mapema kuliko chochote.

Kosa la pili ni ndugu yake: "Tuombeeni ya dawa tu, nauli na kula tutajua wenyewe." Hamtajua! Mionzi haipigwi mara moja ikaisha. Kwa shingo ya kizazi, ratiba ya kawaida ni siku 5 kwa wiki kwa wiki 5 hivi, kisha mionzi ya ndani, inayowekwa ndani ya mwili karibu na uvimbe. Mgonjwa wa Pemba aliyepewa rufaa ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ana gharama za boti, chumba, chakula cha watu wawili na daladala kila asubuhi. Pesa ikikatika wiki ya 3 anarudi nyumbani, na seli zilizobaki zinaendelea kuzaliana. Ndiyo maana madaktari wanataka tiba yote iishe ndani ya wiki 8. Basi andikeni kila kitu kwenye fomu, hadi nauli ya msindikizaji ya kurudi.

Wengine, saratani ikishasambaa mwilini, huniambia: "Hatua ya 4, kuomba ni kazi bure." Si kweli. Kuna tiba shufaa, ya kumpunguzia mgonjwa mateso: morfini ya maji ya kunywa, na mionzi ya kutuliza maumivu ya mfupa, ambayo pengine hupigwa mara 1 tu. Mgonjwa anayelala usiku bila kulia kwa maumivu amesaidiwa, na gharama hiyo inaombewa.

Wapo wanaoona haya kuomba zaka kwa kuwa wana nyumba na shamba la mikarafuu. Surat Tawba, aya ya 60, imetaja makundi 8 ya wanaostahiki zaka, na wenye madeni wamo. Familia iliyokopa kwa ajili ya matibabu ikamuulize sheikh wake au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Na anayewadai "chai" ili fomu ipite, msimpe hata shilingi. Mfuko wa kweli haumtozi mgonjwa.

Jibu la kinyama litoleeni nakala 3 siku ileile mnapolipokea. Karatasi yenyewe msimwachie mtu yeyote, hata mimi.